Uzi wa Kofia ya Kilo Mbili

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Kathini aliweka mabonge mawili ya uzi mwembamba kwenye kaunta ya duka moja mjini Kikima. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa usiku akiwa na kilo mbili tu, na nesi alitaka kofia siku hiyo hiyo.

"Susu, chukua huu mnene. Hapa ni baridi," alisema muuzaji, akimwita bibi kwa Kikamba.

"Utamkwaruza."

"Na huo mwembamba ni wa vitambaa vya makochi."

"Basi mjukuu wangu ni kochi."

Alipandisha rinda, akasokota nyuzi mbili nyembamba pajani, kama asokotavyo mkonge wa kusukia kikapu cha kiondo. Zikawa uzi mmoja, laini, wa unene wa kutosha. Akalipa, akaenda kufuma kofia.

Saa tisa alasiri nesi alimvalisha mtoto. Kofia iliishia juu ya nyusi, naye mtoto akaendelea kunyonya.