Uji wa Kubandikia

Asubuhi baada ya kura za maoni za chama, Zamaradi aliketi uani, barua ya rufaa mapajani, kalamu mkononi. Mgombea mwenzake Shekuwe alikuwa amempita kwa kura nne tu, na kura saba za Zamaradi zilihesabiwa kuwa zimeharibika.

"Tia sahihi, mama," alisema Somoe, mpiga debe wake. "Hizo saba wamezichezea. Tukinyamaza watatuona mabwege."

Bi Tatu, jirani aliyekuja kutoa pole na kibakuli cha maandazi, akakohoa kidogo.

"Mojawapo ni yangu, mwanangu. Alama ya vema niliiona kavu mno. Nikaandika pembeni ya jina lako, 'Mungu akutangulie', tena kwa mwandiko mzuri. Na wenzangu wa kusuka mikeka nikawaambia wafanye vivyo hivyo."

Somoe akashika kiuno. "Bi Tatu, umetumaliza."

"Ningejuaje? Dua ilishamwangusha nani?"

Zamaradi akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa upindo wa kanga. Akaikunja barua, akaisokomeza mekoni chini ya sufuria, akaanza kukoroga unga wa muhogo, ule uji mzito aliobandikia picha zake mji mzima.

"Wa nini tena?" Somoe akauliza.

"Picha za Shekuwe zinabanduka kila upepo ukivuma. Hana wa kumpikia uji."

Kwenye ukuta wa soko, picha yake mwenyewe ilikuwa bado inatabasamu. Zamaradi, kwapani picha ya Shekuwe iliyobanduka, akachovya brashi, akaiinua, akasimama hapo akijitazama, uji ukimchuruzika hadi kiwikoni.