Hatua Moja Kabla ya Utepe

Wanyama wa Mbugani na majirani zao wa Msituni walipochoka kuuana, walianzisha michezo ya kila kiangazi, wakaapa kwamba hakuna atakayemla mwenzake mpaka mbio za mwisho zimalizike.

Mwaka wa saba, Digidigi wa Mbugani ndiye aliyeongoza mbio hizo za mwisho. Mbele yake Chui na Fisi, wenyeji wa Msituni, walikuwa wameshika utepe. Fisi alikuwa anadondokwa na mate. Digidigi akafunga breki hatua moja kabla ya utepe.

"Malizia, binti! Tukubebe juu juu!" Chui akamhimiza.

"Dada yangu alishinda mwaka jana, mkambeba juu juu," akasema Digidigi. "Yuko wapi?"

Swala waliokuwa wakimfuata nao wakasimama, wakakaa chini palepale.

Michezo ya mwaka wa saba haijaisha mpaka leo. Kila asubuhi Chui huja na utepe wake, akauliza kwa upole kama uchovu umeisha.

"Bado tunakimbia, mzee," Digidigi hujibu.