Picha ya Papa Kaze

Asubuhi ile tena mzee aliigeuza picha, uso ukatazama ukuta. Winifred alipopita na beseni la vyombo aliiona, akairudisha bila neno, kisha akaifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake. Vumbi lenyewe halikuwepo. Anampapasa tu, aliwaza mzee.

Mwanamume wa pichani alikuwa na koti la kaki, gazeti kwapani, na kicheko cha mtu anayejua kwamba anapendwa. Nyumba nzima hii ya Busanza ilikuwa Papa Kaze huku, Papa Kaze kule. Hata koti alilovalishwa mzee asubuhi hiyo lilikuwa la bwana huyo, na lilimkaa sawasawa, jambo lililomchoma zaidi.

Mzee alimpenda Winifred, na wala hakujua kuficha. Alipenda anavyopooza uji kwa kuumimina bakuli hili hadi lile, na anavyoimba nyimbo za kanisani akikosea sauti bila haya. Leo alikuwa ameamua kumposa. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: moyo wa mama yule ulikuwa na mpangaji ambaye hataki kuhama.

Mchana watu wakaja. Viti vya plastiki vilipangwa sebuleni, kreti za Fanta zikafunguliwa, na mzee akaelewa mara moja kwamba wanamaliza msiba. Mlangoni Kaze, binti wa Winifred, alimnong'oneza kila mgeni neno kabla hajaingia, na kila mgeni akaitikia kwa kichwa. Kisha wakamsalimu mzee kwa mikono miwili, wakaketi wakimkabili. Ajabu ya msiba huu, hakuna aliyelia.

Alianza Nshimiyimana, fundi cherehani wa mtaa wa Gitega.

"Maji ilikata kwetu. Papa Kaze akatia picha ya majerikani kwa gazeti yake, ukurasa ya kwanza. Wiki ingine, majerikani. Wiki ingine, majerikani tena! Watu wakasema, hii *Jirani* sasa ni gazeti ya majerikani. Aliacha siku maji ilirudi."

Wakacheka. Halafu Nshimiyimana akamtazama mzee, na wote wakamtazama mzee, kama watu wanaongoja chai ichemke. Wanataka nini? Asimame apimwe urefu na marehemu?

Akafuata Swafiya, mwenye duka. "Gazeti moja alikuwa anabandika kwa ukuta ya duka yangu, bure, ya wale hawana pesa. Na wamama hawajui kusoma, anawasomea yeye mwenyewe, kweli rwose. Mpaka tangazo ya mbuzi imepotea!"

Macho yote tena kwa mzee.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini mgema akishakufa, mzee alijiambia kwa uchungu, hata maji hawezi kutia tena. Atasifiwa tu milele, na walio hai watakonda kwa wivu.

Norman, aliyekuwa mpiga chapa wa *Jirani*, ndiye aliyemmaliza. "Siku ya kuchapa tuko mbio, yeye anavaa koti. Namuuliza, bosi, unaenda wapi? Anasema, kumchukua Kaze shuleni. Gazeti itangoja, mtoto hangoji."

Kaze alinyanyuka upesi, akaenda jikoni.

Norman akatoa nakala ya zamani ya *Jirani*, akamkabidhi mzee. Mzee aliipitisha macho. Lilikuwa gazeti zuri, lililopangwa vizuri, na kukiri hivyo hakutaka. Akalikunja, akalichomeka kwapani, akakunja na uso.

Norman aliushika mkono wa Winifred, na Winifred akamwachia, macho yamejaa machozi na mdomo unatabasamu.

Kumbe na Norman naye!

"Basi!" Mzee alisimama. "Nimesikia. Maji alileta, gazeti alisoma, mtoto alimchukua shuleni. Mtu mwema! Sasa yuko wapi? Mama huyu amemwachia nani? Nani anakaa naye hapa asubuhi mpaka jioni? Si mimi?"

Nshimiyimana alivua kofia. Swafiya alivuta mtandio wake ukamfunika macho.

Mzee akamgeukia Winifred, na hasira yote ikamtoka, ikabaki hofu peke yake.

"Winifred, mimi sina gazeti. Sina hata kisa kimoja cha kusimuliwa na watu. Lakini nakupenda, na nataka kukuoa. Ila huyu," akaonyesha ukutani, "atoke. Siwezi kugombea mke na mtu wa kwenye picha. Nitashindwa."

Winifred aliinuka taratibu. Akamsogelea, akamfunga kifungo cha juu cha lile koti la kaki, kama alivyofanya kila asubuhi, na mkono wake ukabaki pale kifuani.

"Nimekubali," akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukoba alikokulia. "Nitaolewa na wewe mara ya pili, Papa Kaze. Lakini picha yako, nakuomba, niachie."