Mkaja wa Dirishani

Mtaani walisema mzazi asiyefungwa mkaja, kile kitambaa cha kukaza tumbo, hubaki na tumbo kama gunia na mume hamtazami tena. Bishara alikuwa amejifungua juzi. Mama yake yuko mbali, mume yuko safarini, na maneno yale hayakumtoka kichwani.

Mkaja hufungwa na watu wawili. Yeye alifunga ncha moja kwenye nondo za dirisha, nyingine akaishikilia tumboni, akajizungusha huku akivuta, mpaka akabanwa pale dirishani hana pumzi. Mtoto akalia kitandani. Bishara hakuweza kuinama wala kuita.

Bi Mize, mkandaji wa nyumba ya pili, alifuata kilio, akamfungua.

"Umejifunga kama mzigo wa kuni! Mbona hukuniita?"

"Niliona nitakusumbua, bibi."

"Nisumbue!"

Jioni Bishara alisimama tena dirishani, kitambaa mkononi, akiutazama mlango wa Bi Mize.

Mama mzazi, usijifunge peke yako. Usikaze mpaka pumzi ikatike. Kama una mshono, usifunge kabla mkunga hajakuona. Na usisimame dirishani ukitazama tu mlango wa mwenzio; mwite.