Wadudu wa Kona ya Mwisho

"Washa waipa!" kaka yake Amondi alimfokea kutoka kiti cha pembeni.

Ulikuwa mzunguko wa mwisho wa mashindano ya magari. Wingu la wadudu wa ziwani lilitanda barabarani, na kioo cha mbele cha Subaru yao kilikuwa kimejaa wadudu hao. Mbele yao, gari lililokuwa linaongoza liliwasha waipa. Wadudu wakasagika wakawa uji, kioo chote kikaziba, dereva wake akafunga breki.

Mkono wa Amondi ulikuwa umeshafika kwenye swichi. Akaurudisha kwenye usukani.

"Basi simama! Kuna jiwe kwenye kona!"

Amondi akashusha kioo cha mlangoni. "Fumba mdomo, kaka, usije ukawameza."

Akatoa kichwa nje. Wadudu wakamjaa kwenye kope, lakini jiwe lililoinamia ziwa aliliona.

Akakanyaga mafuta.