Feni Yenye Jina

Siku hiyo mjinga alikuwa Mbarouk, na mwenyewe hakatai. Tangu asubuhi alikuwa akiipepea kompyuta ya duka lake la uchapaji kwa kipepeo cha jikoni, kama mchoma mahindi, na bado kila baada ya dakika kumi ilichemka ikajizima. Kadi za harusi ya binti wa Bi Zuhra zilitakiwa adhuhuri. Zikikosekana, Bi Zuhra angekuwa mteja wa nane kuhamia kwa Sudi mwezi huo.

Sudi, rafiki yake mwenye duka kama hilo jirani, ndiye aliyeisafisha vumbi kompyuta hiyo mwezi uliopita, tena bure. Mbarouk alimpelekea halua kwa shukrani. Sasa akaibeba kompyuta tena mpaka dukani kwa Sudi, amwombe msaada.

Kompyuta ya Sudi ilikuwa imefunguliwa ubavu, inachapa kazi bila kuhema. Juu ya prosesa, ubongo wa kompyuta, ilizunguka feni ya kuipoza, pana kama kisahani cha chai, na pembeni yake fundi aliyeifunga alikuwa ameandika kwa wino jina la mwenye kompyuta: Mbarouk. Mbarouk akafungua ya kwake. Ndani alikuta kifeni cha ukubwa wa biskuti.

"Sudi, hii feni ina jina langu."

"Ah, tulibadilishana tu, ndugu yangu," Sudi akacheka. "Yangu ilikuwa imechoka, nikaona wewe kazi zako nyepesi. Kwani hiyo feni hata ulikuwa unaijua?"

"Feni sikuijua," Mbarouk akasema. "Nilikuwa nakujua wewe."