Njia ya Mlango wa Nyuma

Zuwena alikuwa akishona kitambaa cha bawa la ndege ya upelelezi, ile yenye mabawa ya ghorofa, moja juu ya jingine, kapteni aliyeirusha alipomletea picha aliyoipiga angani.

"Mji wenu huu, Mama."

Zuwena akaisahau sindano. Alicheka kuuona msikiti mdogo kama boksi la kiberiti, kisha akaitafuta nyumba yake mpaka akaipata. Nyuma ya nyumba hiyo, mstari mweupe ulikata nyasi ndefu hadi kichakani.

"Na njia hii inakwenda wapi?"

"Ya mbuzi hiyo, Bwana."

Mbuzi hakuwa nao. Kila adhuhuri, majirani wakijilaza, alimpelekea chakula mdogo wake Shomari, aliyetoroka jeshini na kujificha kichakani. Hakuna jirani aliyewahi kumwona akipita. Kumbe miezi mitatu alikuwa akishona ardhi kwa nyayo zake, na mshono ulinyooka kuliko huu wa bawa!

"Ukimaliza bawa, kesho nitaruka chini zaidi niwaone hao mbuzi," kapteni alisema.

Saa sita ilipofika, Zuwena alisimama mlango wa nyuma, sahani ya wali mkononi, akizitazama nyasi, asijue mguu wa kwanza autie wapi.